Mlezi wa Tawi la Maharage

Haki ya Mungu, kila neno lililomo humu ni kweli. Waliokuwepo wako hai: wanalima, wanachunga, wanapigiana simu, kawaulizeni. Kazi yangu ilikuwa kuandika tu kama ilivyokuwa, bila kutia chumvi, maana chumvi Hanang tunayo ziwa zima, haihitaji kuongezwa na mtu.

Ilikuwa siku ya mnada wa Katesh, mwaka ambao simu za kugusa ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mikononi mwa wachungaji. Vumbi lilikuwa limepanda mpaka Mlima Hanang ukavuta wingu na kujifunika uso. Ng'ombe wanalia, madalali wanalia kuliko ng'ombe, nyama inachomwa, na kwenye safu ya wauza nafaka alisimama Natalia Margwe, binti wa Maretadu, amevaa gauni la kitenge cha njano, koti la mtumba la kijani na raba nyeupe ambazo hadi saa nne zilikuwa zimeshakuwa kahawia. Simu mkononi, anaandika bei ya maharage.

Ndipo dume moja jeusi, lenye nundu kama gunia la mahindi, likakata kamba. Liliruka meza ya mishkaki, likaruka Fuso iliyokuwa imepakia vitunguu saumu, likamjia Natalia.

"Dada, sogea!"

Mkono ulimvuta kwa nguvu. Dume likapita, upepo wake ukamvua kilemba. Alipofumbua macho alikuwa amekaa chini, na debe la maharage la mama muuzaji limemwagika mpaka kwenye samadi.

"Umemwaga debe zima la watu!" Natalia alifoka.

"Nimekuokoa roho, unalilia debe?"

"Roho ni yangu, ningejua mwenyewe. Debe ni la mama huyu."

Kijana aliyemvuta alikuwa mrefu, mwembamba, suruali ya jinzi chini, shuka ya bluu begani, katambuga miguuni. Mkono mmoja fimbo, mgongoni begi la kompyuta. Alichuchumaa, akaanza kuokota maharage punje moja moja.

"Halafu debe si kipimo," alisema bila kuinua kichwa. "Debe la huyu limebonyea, debe la yule limevimba. Pimeni kwa kilo."

Natalia aliganda. Maneno hayo alikuwa ameyasoma mara mia kwa miezi minne, neno kwa neno, kutoka kwa mtu mmoja tu asiyemjua sura, aliyejiita Mchunga.

"Wewe ndiye Mchunga?"

Kijana akainua uso. "Usiniambie wewe ndiye Mama Debe."

"Ndiye."

"Nilidhani una miaka sitini!"

"Na mimi nilidhani una akili."

Wote wawili wakacheka mpaka mama muuzaji akawaambia kama wamemaliza kuchumbiana wamlipe maharage yake.

Sasa msomaji nikueleze ugomvi wao wa kipimo ulikotoka. Kulikuwa na kikundi cha watu tisa wa Mbulu na Hanang, wote wa kujitolea, hakuna aliyelipwa hata soda. Walikuwa wametengeneza programu: mkulima anatuma ujumbe kwa simu, "maharage Mbulu" au "ng'ombe Katesh", na programu inamjibu bei ya siku hiyo, dalali asimdanganye. Maandishi yote yanayoiendesha programu yaliwekwa sehemu moja kwenye mtandao, kila mwanakikundi anayaona na anaweza kuyabadilisha. Wenyewe waliuita mti. Mti ulikuwa na matawi, kila tawi na mlezi wake, na majina ya walezi yaliandikwa kwenye ukurasa mmoja ulioitwa WALEZI. Tawi la maharage lilikuwa la Natalia, aliyekuwa akifanya kazi kwenye stesheneri ya rafiki yake Violeth pale Mbulu mjini. Tawi la ng'ombe lilikuwa la Gidamis, mtoto wa wafugaji wa Kibarbaig wa tambarare ya Hanang. Ndiye huyu mwenye fimbo na kompyuta.

Mratibu wa kikundi alikuwa mwalimu mstaafu aitwaye Hermani, mtu mtanashati, mwenye hekima nyingi, aliyejifunza kompyuta peke yake bila kufundishwa na mtu. Huyu ndiye aliyetunga sheria pekee ya mti: mlezi akikaa siku kumi na nne bila kujibu anapoulizwa, jina lake linafutwa, na tawi lisilo na mlezi linakatwa. Sheria nzuri kabisa, fupi, haina utata.

Baada ya mnada ule simu hazikulala.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali na maziwa."

"Na jana?"

"Maziwa na ugali."

"Maskini mpenzi wangu! Njoo Mbulu nikupikie maharage."

"Kwa debe au kwa kilo?"

"Kwa sahani, mjinga wangu."

Gidamis alipanda milima hadi Mbulu mara tatu, na kila alipokuja alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka Violeth akauliza kama ni la mbao. Kwenye mti waliendelea kugombana hadharani kuhusu debe na kilo. Kwenye simu waliitana mpenzi. Kwa Natalia lile tawi halikuwa mchezo. Alikuwa amelilea miaka miwili. Bibi yake wa Masieda, asiyejua kusoma, alikuwa akiwaringia majirani: "Bei hiyo kaisema mjukuu wangu."

Kisha bibi huyo akafariki.

Natalia alipanda gari la kwanza kwenda Masieda, na kule wakati ule mtandao haukufika hata ukipanda juu ya mti. Alikaa msibani siku ishirini, anapika, anapokea wageni, anamtunza mama yake. Siku ya ishirini na moja aliposhuka stendi ya Mbulu simu ikaanza kutetemeka kama ina homa. Hakusoma ujumbe hata mmoja. Alifungua mti kwanza, ukurasa wa WALEZI, aione tena kazi ambayo bibi yake aliiringia.

Maharage: Gidamis.

Alisoma tena. Maharage: Gidamis. Ng'ombe: Gidamis. Jina lake yeye halikuwepo popote.

Akampigia Gidamis. Simu haikuita mara mbili.

"Natalia! Mpenzi, umerudi? Pole sana na..."

"Ulinisubiri niende kuzika ndipo uniibie?"

"Nikuibie nini?"

"Jina langu liko wapi?"

"Sikiliza, soma maelezo, nimeandika kila..."

"Unanituma nisome? Mimi? Niliyekufundisha kuandika neno 'maharage' vizuri?"

"Natalia, tulia..."

"Usinipigie tena maisha yako yote, wewe na kilo zako."

Akakata, akaifungia namba yake. Violeth alijaribu: "Lakini alikuwa ananipigia kila siku kuulizia kama umerudi."

"Alikuwa anahakikisha sijarudi!"

Natalia hakulia. Machozi yote alikuwa ameyaacha kwenye kaburi la bibi yake. Aliomba rimu ya karatasi. Kulipiza kisasi kwa kutukana hakumfurahishi mtu wa Maretadu. Huko mtu akikosewa mpaka wa shamba hapigi kelele, anapanda mkonge na kungoja. Natalia alitaka kitu kitakachosimama miaka.

Alimpigia mratibu. "Shikamoo mwalimu. Mti wetu hauna sera ya utunzaji. Sheria moja haitoshi. Naomba niandike mimi."

"Marahaba mwanangu! Andika," alisema Hermani kwa furaha, kwani kila mwanakikundi alipenda kuandika programu na hakuna aliyependa kuandika sheria.

Aliandika vifungu kumi na kimoja, na kila kifungu kilikuwa na upande mmoja wa kawaida na upande mwingine wenye makali, unaomtazama Gidamis. Badiliko lolote lazima lionwe kwanza na mtu wa wilaya nyingine: Gidamis asiweze kugusa kitu bila Mbulu kujua. Mtu mmoja asilee matawi mawili ila kwa kura. Anayegusa tawi la mwenzake akaliharibu ajibu mbele ya wale walioumia. Lakini jiwe alilificha kwenye kifungu cha tatu: siku kumi na nne zipungue ziwe tatu. Alijua, kwa sababu aliambiwa kwa sauti ya mahaba, kwamba kiangazi kikiiva ni zamu ya Gidamis kupeleka ng'ombe wa baba yake ng'ambo ya ziwa Balangida, na kwamba huko simu ni ya kuangalizia saa tu.

"Wewe," Violeth alimwambia akitoa nakala, "ukija kuwa mbunge mimi nahama nchi."

Mkutano ulifanyika Katesh, ukumbi wa parokia, Jumamosi asubuhi. Natalia alivaa gauni jeusi la msiba, makusudi, na hereni za shaba. Gidamis alikaa benchi la nyuma na shati lake la mbao. Alikuwa amekonda. Natalia aliliona hilo, akajiambia hajaliona.

"Kifungu cha tatu kimenilenga mimi," Gidamis alisema.

"Kimemlenga mlezi asiyejibu. Wewe hujibu?"

"Nikiwa na ng'ombe ng'ambo ya ziwa hakuna mtandao. Unajua."

"Masieda pia hakuna. Ulijua."

Gidamis akarudi kukaa kwenye benchi lake. Kwao mtu haelezi mara mbili kwa aliyekataa kusikia mara ya kwanza. Hermani alipoitisha kura, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Gidamis, kuunga mkono.

Hilo lilimuuma Natalia kuliko kama angepinga. Alikuwa amekuja na hoja sita za kumvunja, akarudi nazo zote Mbulu, hazijatumika.

Kiangazi kikaiva. Jumatatu Natalia aliandika kwenye mti swali dogo kwa mlezi wa tawi la ng'ombe. Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi, saa ile ile, alilifuta jina la Gidamis, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka tawi la ng'ombe, kura ikampa yeye. Tawi la maharage alikuwa ameshalirudisha siku ya mkutano. Alinunua soda mbili, akazinywa zote, na zote zilikuwa na ladha ya maji.

Ili ushindi uonekane akaanza kulisafisha tawi la ng'ombe. Alikuta aina kumi na tisa: mtamba ambaye bado hajazaa, ng'ombe aliyezaa mara moja, maksai, dume la kufugwa, dume la kuchinjwa, ng'ombe mzee asiyezaa, na wengine wa rangi na pembe ambao hata majina yao hakuweza kuyatamka.

"Huyu mtu anapenda kujaza vitu!" alimwambia Violeth. Kwao Maretadu kulikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na wote waliitwa ng'ombe. Akazifuta aina kumi na nane. Ikabaki moja: ng'ombe. Bei ikawa wastani wa wote. Badiliko lake lilionwa na mtu wa Hanang kama sera ilivyotaka: mratibu mwenyewe, aliyelipitisha akinywa chai.

Mnada uliofuata, mjane mmoja wa Kibarbaig aitwaye Helena alishuka Katesh na mitamba wake wawili, ndio aliokuwa nao wa kuanzia upya. Akauliza simu bei. Simu ikamjibu bei ya ng'ombe: wastani wa maksai waliochoka na vikongwe wasiozaa. Mjane alishangaa, lakini simu haikuwahi kumdanganya. Akauza. Mnunuzi aliondoka mbio kabla mama wa watu hajaibadili nia yake.

Jumatatu asubuhi Hermani alipiga simu. "Natalia mwanangu, njoo Katesh haraka. Akina mama wa Kibarbaig wamekaa."

Hilo neno, kukaa, kila mtu wa Hanang analielewa. Wanawake wa Kibarbaig wakikosewa hukusanyika, hukaa chini, hujadiliana, na hawainuki mpaka aliyekosa ametozwa. Wanaume wenye ng'ombe mia tatu hutetemeka wakisikia wamekaa.

Ndani ya basi Natalia alifungua kompyuta ya Violeth ili alirudishe tawi la ng'ombe lilivyokuwa. Ili kulirudisha ilimlazimu aangalie mabadiliko yote ya nyuma, moja moja, pamoja na maelezo ambayo kila anayebadilisha kitu huyaandika chini yake. Yale yale aliyokataa kuyasoma. Akayakuta ya zile siku sita, kuanzia jina lake lilipofutwa mpaka aliporudi.

"Nimeshika tawi la maharage kwa muda. Mwenyewe yuko msibani Masieda. Mratibu anataka kulikata leo. Nimekataa."

"Bei za Mbulu nimezipata kwa Violeth. Kipimo: debe, kama mwenyewe anavyotaka. Sikubaliani, lakini tawi si langu."

"Mratibu anasema sheria ni sheria. Nimemwambia na msiba ni msiba."

"Debe tena. Mungu anisamehe."

"Mwenyewe akirudi, jina langu litoke siku hiyo hiyo."

Miezi na miezi walikuwa wamegombea kile kipimo. Siku sita alikuwa na uwezo wa kuandika kilo, na hakuna wa kumzuia. Na kila siku aliandika debe. Natalia akainamisha kichwa kwenye kiti cha mbele, akalia kuanzia Dongobesh hadi Katesh, mpaka konda akamuuliza kama arudishe nauli.

Uwanja wa parokia ulikuwa umejaa. Wanawake zaidi ya hamsini, mavazi yao ya ngozi, bangili za shaba kuanzia kiganja hadi kiwiko, wamekaa nusu duara wakivuma wimbo wa chini chini kama nyuki. Hermani alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, kwa sababu za kiutawala.

"Shikamooni, mama zangu," Natalia alisema.

"Marahaba," walijibu, kwa ukavu. Bibi mzee kuliko wote akaegemea fimbo yake. "Nani alishika ng'ombe wetu kwenye simu?"

"Ni mimi."

"Wewe? Mwanamke?" Wimbo ukakatika. "Sisi tunatoza wanaume. Mwanamke hatumtozi. Nani anasimama badala yako?"

"Baba yangu yuko Maretadu."

"Maretadu ni mbali, na baba yako hakutukosea. Mumeo?"

"Sina, mama."

"Mchumba?"

Natalia alitazama chini. Zile raba zake ziliona aibu pamoja naye. "Nilikuwa naye. Nilimfukuza."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Ehee!" akina mama wakaguna kwa pamoja.

"Andikeni jina langu," sauti ikasema kutoka nyuma.

Gidamis alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Habari zilimkuta ng'ambo ya ziwa kwa mdomo wa mpita njia, akawaacha ng'ombe kwa kaka yake, akatembea. Bibi mzee alimtazama juu hadi chini.

"Huyu binti si ndiye aliyekunyang'anya hilo tawi?"

"Ndiye huyo, mama."

"Halafu unasimama kwa ajili yake?"

"Nasimama."

"Huyu amepungukiwa akili," mama mmoja alisema.

"Au anapenda," mwingine akasema.

"Vyote viwili, mama zangu," Gidamis alijibu, na wanawake hamsini wakaangua kicheko, bangili zikalia.

"Sitaki unibebee," Natalia alimwambia. "Nimesoma maelezo yako."

"Lini?"

"Leo. Kwenye basi."

"Umechelewa. Nimeshaandikwa."

Faini ikatajwa: mtamba mmoja kwa Helena, na mtungi wa pombe ya asali kwa waliokaa. Natalia hakungoja wainuke. Alifungua kompyuta pale pale chini, kati ya wanawake, akazirudisha aina kumi na tisa, na Helena akamwongezea ya ishirini ambayo hata Gidamis alikuwa ameisahau. Kisha akakifuta kifungu cha tatu, akaandika kingine akikisoma kwa sauti, na wanakikundi waliokuwepo wakainua mikono: "Mlezi akinyamaza, jina lake lisiguswe mpaka mtu amefika mlangoni kwake au kwa jirani yake akauliza kama yuko salama. Kwenye msiba na machungani siku hazihesabiwi."

Gidamis alichuchumaa kando yake, kama siku ile ya kwanza. "Na mimi nina swali. Nina siku ngapi za kungoja jibu?"

"Swali gani?"

"Lile la bibi, la mchumba. Mama zangu wote wamelisikia."

"Sheria ni siku tatu."

"Umeifuta sasa hivi!"

"Kwako wewe bado ipo," alisema Natalia, akapanda basi.

Maana ile hasira ya miezi miwili haikuyeyuka yote kwa safari moja. Yalibaki matone mawili matatu, na alikusudia kuyatumia. Siku ya kwanza Gidamis alipiga simu mara kumi na tano.

"Natalia, basi nijibu."

"Umekula?"

Siku ya pili mara thelathini. "Umekula?" Siku ya tatu hakula kweli. Ilipofika saa kumi jioni, dakika kumi kabla siku hazijatimia, ukurasa wa WALEZI ukabadilika. Chini ya maharage, chini ya ng'ombe, kulikuwa na mstari mpya:

Gidamis. Mlezi: Natalia Margwe. Asiguswe na mwingine.

Na kwa kuwa kila badiliko lazima lionwe na mtu wa wilaya nyingine, mstari ule ulikaa unangoja, mpaka kutoka tambarare ya Hanang likaja neno moja: "Nimekubali."

Hapo ndipo nilipoweka nukta, nikaenda kutia maji kwenye chai. Kurudi, namkuta Natalia amekuja kunitembelea na kadi ya harusi, amekaa kwenye kiti changu, anasoma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Hadithi tamu. Ila huyu mratibu mwenye hekima aliyetaka kulikata tawi langu nikiwa msibani, akayapitisha makosa yangu akinywa chai, mbona hajatozwa?"

"Alikuwa na mambo mengi..."

"Mwalimu Hermani. Mpaka leo uliniambia uliyakagua mabadiliko yale kwa makini."

Nikasema hadithi ni hadithi. Akasema vizuri, atawasomea akina mama wenyewe, wako nje getini, amekuja nao. Nikachungulia. Walikuwa wameshaanza kukaa.

Kwa hiyo jina la Gidamis limefutwa kwenye ile faini, limeandikwa langu. Nimeandika mistari hii ya mwisho kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika kamba ya mtamba wangu, mzuri kuliko wote zizini, na Helena anaivuta upande wa pili.